Hodi ya Nne

Kitabu nilikinunua Posta, Dar es Salaam, kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mtumba chini, kando ya njia. Muuzaji alianzia elfu nane, tukavutana mpaka tano. Sikuwa nimewahi kukisikia. Kilichonishika ni jina lake: Eleanor Oliphant Is Completely Fine. Nilisimama pale, jua la saa tisa limenikalia shingoni, nikawa najaribu kulitia jina hilo kwenye Kiswahili. Eleanor Oliphant hajambo kabisa. Nikacheka peke yangu. Muuzaji akadhani nacheka bei. "Dada, hiyo ndiyo ya mwisho, sishuki tena."

Nilicheka kwa sababu neno hilo nalijua mimi. Hatulitazami tena kwa ndani, lakini sijambo ni sina jambo. Mtu katoka kuzika, anaulizwa hujambo, anajibu sijambo, halafu ndiyo anaeleza. Ile "nzuri" ya kwanza kwetu ni mlango tu, ukishaupita ndipo unatia "ila" yako. Nzuri, ila mtoto anaumwa. Salama, ila mwenye nyumba kaja na maneno yake. Mimi kwa miaka zaidi ya kumi nilikuwa naishia mlangoni. Nzuri, nukta. Sikuwa na ila.

Riwaya yenyewe ni ya Gail Honeyman, ilitoka 2017, na mambo yake yanatokea Glasgow, Uskoti. Eleanor anakaribia miaka 30, anashika hesabu kwenye ofisi ya wasanifu wa michoro, ana makovu ya moto usoni. Ijumaa ananunua pizza, mvinyo na chupa mbili kubwa za vodka, anazigawa mpaka Jumapili, na tangu anapotoka kazini Ijumaa hadi Jumatatu asubuhi hasemi na mtu. Ila kuna Jumatano. Jumatano huzungumza na mama yake, mama mwenye ulimi kama wembe.

Na mimi nashika hesabu. Tangu ukurasa wa pili nilianza kukisoma kwa kujificha, kwenye daladala nimelaza jalada mapajani, kama vile abiria mwenzangu angeliona jina akaniuliza, "Huyo ni wewe?" Kiingereza changu ni cha kusoma polepole, kamusi kwenye simu, kwa hiyo nilikaa na huyo mwanamke wiki nyingi kuliko mwandishi alivyokusudia, nadhani. Mimi sinywi pombe. Ijumaa yangu ilikuwa chipsi mayai sahani mbili, moja ya usiku ule na moja ya kula ya baridi kesho yake mchana. Halafu nalala. Eleanor alikunywa, mimi nililala, na Jumatatu sote wawili tulifika kazini tumechana nywele.

Kuna watu wakisikia upweke wanadhani ni ugonjwa wa Wazungu, wa kukaa ghorofani na paka. Mimi nilikuwa nimepanga Tabata, nyumba ya vyumba sita, choo kimoja, LUKU moja. Nilijua nani kakohoa usiku na nani kagombana na mumewe na kwa sababu ya nani. Zamu yangu ya kufagia uwanja sikukosa. Hela ya umeme niliitoa kabla ya kuulizwa, tena kwa makusudi, maana nikiulizwa itabidi niongee. Hiyo ni akili ambayo Eleanor hakuihitaji. Kule ukitaka kukaa peke yako unafunga mlango, basi. Uswahilini lazima ulipe madeni yako yote mapema, usalimie kila mtu na usisimame, uwe mwema mpaka usahaulike.

Tofauti nyingine: Eleanor anasema kila kinachomjia kichwani, ndiyo maana kitabu kinachekesha. Anawasahihisha watu lugha. Huku mtu asiyejua kukaa na watu hana uhuru huo, huku anajifunga mdomo, na akishajifunga mdomo anaitwa mwenye maringo. Kazini nilikuwa "yule dada wa uhasibu anayejisikia". Chakula cha mchana nilikula mezani kwangu, nimewapa mgongo. Harusi za watu nilichanga zote, kwa sababu kuchanga unatuma kwenye simu na kazi imeisha. Kadi zangu zote za singo. Nimechanga harusi kumi na moja, nikahudhuria moja, ukumbi wa Sinza, na hiyo nayo maharusi walipoingia wakapigiwa fataki mbili pale mlangoni. Nilipopata fahamu zangu nilikuwa kituo cha daladala, nimeshika sahani ya ukumbi yenye pilau. Pilau haikumwagika hata punje. Sahani ninayo mpaka leo, sijui utairudishaje sahani ya namna hiyo.

Sasa hilo la fataki.

Watu wa Dar wa umri wangu hatuhitaji kuelezwa tarehe 16 Februari 2011. Ilikuwa Jumatano usiku. Maghala ya silaha ya kambi ya jeshi Gongo la Mboto yalianza kulipuka, anga likawa jekundu, mabomu mengine yakaruka na kuangukia mitaani kwa watu. Zaidi ya watu 20 walifariki. Uwanja wa ndege ulifungwa. Barabara ya Nyerere ilijaa watu wanaokwenda mjini kwa miguu, wengine na kanga moja kifuani, wengine wamebeba televisheni, na maelfu wakaishia Uwanja wa Uhuru wakalala hapo. Nilikuwa darasa la sita, miaka 12. Nyumba yetu ilipasuka ukuta na vioo vyote vikaisha. Lakini sisi hatukufiwa.

Hilo ndilo neno lililonifunga. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na matanga. Darasani kwetu kulikuwa na mtoto aliyerudi na mguu mmoja. Mimi nilirudi mzima, nikaambiwa na mama, na shangazi, na mwalimu, na kila aliyepita, kwamba tumshukuru Mungu. Tukamshukuru. Ukishamshukuru Mungu huwezi tena kurudi kesho yake ukasema usiku hulali, ni kama umerudisha zawadi. Kwa hiyo sikusema. Kila mkesha wa mwaka mpya, watu wanapochoma matairi na kurusha fataki, mimi nilikuwa uvunguni mwa kitanda na mto masikioni. Ndugu zangu wakadhani nimelala mapema. "Dada hapendi makelele," wakawa wanasema, na likawa ndilo jibu la kila kitu changu: hapendi makelele, hapendi watu, hapendi sherehe.

Nilikuwa katikati ya kitabu wakati transfoma ya mtaa wa ofisini ilipopasuka. Alhamisi, saa sita mchana. Nilikuja kujiona chini ya meza, kikokotoo nimekikumbatia kifuani, na viatu vya wenzangu vimenizunguka. Walicheka. Siwalaumu sana, mtu mzima chini ya meza anachekesha. Mmoja alikuwa ameshatoa simu. Nilichukua mkoba, nikaondoka, nikapanda daladala, nikafunga mlango wa chumba changu, na sikuufungua Ijumaa, wala Jumamosi, wala Jumapili. Jumatatu simu ya kazini iliita mpaka ikazima chaji. Ndoo ya maji niliyokuwa nayo ndani ilitosha, ukitaka kujua. Choo nilikwenda saa tisa za usiku, kama mchawi.

Jumanne mchana nikasikia kandambili zinakokota koridoni. Bibi wa chumba cha mbele. Huyu bibi anauza vitumbua asubuhi pale barazani, na tangu nihamie mazungumzo yetu yalikuwa shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, na mimi huyoo.

"Hodi."

Nikanyamaza.

"Hodi, wenyewe."

Nikanyamaza.

"Hodi humu ndani."

Kwa adabu yetu hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa unageuka unakwenda zako, na hakuna wa kukulaumu. Nilizihesabu nikiwa nimejifunika, nikangoja zile kandambili zirudi zilikotoka. Hazikurudi. Pakawa kimya kirefu, nikadhani labda kaondoka peku. Halafu nikasikia, kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu anayeongea na kitasa:

"Hii ni ya nne, mjukuu wangu. Tatu ni za adabu. Hii si ya adabu."

Na akasukuma. Komeo langu lilikuwa msumari uliopindwa, usidhani alivunja kitu.

Sikuambiwa pole. Sikuulizwa nina nini. Aliangalia chumba, akaona kitabu juu ya kitanda, akaona maganda ya ndizi, akatoka. Akarudi na uji wa mchele wenye pilipili manga kwenye kikombe cha bati, na ungo. Uji akaniwekea. Ungo akaniwekea mapajani, mchele kilo mbili ndani yake, yeye akakaa mlangoni na ungo wake mwingine. "Nisaidie, macho yangu hayaoni tena mawe."

Tukachambua mchele. Wale mnaonunua wa pakiti huenda hamjui: unausogeza kwa vidole vichache vichache, mpunga huku, jiwe huku, pumba unaipeta. Mikono ina kazi na macho yana pa kukaa. Huwezi kumtazama mtu usoni na kuchambua mchele kwa wakati mmoja, na nadhani yule bibi alilijua hilo vizuri kuliko wataalamu wengi. Siku ya kwanza tulimaliza bila neno zaidi ya "hapo kuna jiwe". Siku ya pili alikuja tena, hodi moja tu, akaingia. Ilikuwa Jumatano. Akaniambia, akiwa ameinamia ungo, kwamba habari za transfoma alizisikia kwa kijana anayefanya kazi mtaa ule, na kwamba yeye zamani alikaa Mbagala.

Mbagala ni 2009, tarehe 29 Aprili. Ghala la silaha, kambi nyingine, miaka miwili kabla ya sisi. Na hiyo nayo ilikuwa Jumatano; mimi si mtu wa kutafuta ishara, nasema tu ilikuwa Jumatano.

"Nilikuwa nachemsha maharage," akasema. "Likapiga la kwanza, likapiga la pili, nikabeba. Mpaka Mtoni kwa Azizi Ally, mjukuu wangu, sufuria kichwani, maharage hayajaiva. Pochi niliiacha. Picha ya marehemu babu yako niliiacha. Nimebeba maharage." Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nami nikacheka, nikamwambia habari ya sahani ya pilau, tukacheka zaidi. Halafu akaniuliza, bado anacheka:

"Na siku yenyewe, Gongo la Mboto, wewe ulishika nini?"

"Mkono wa mdogo wangu," nikasema. "Nikauachia."

Sikuwa nimewahi kulitamka hilo, hata peke yangu. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Mama alinikabidhi yeye, mwenyewe akambeba mtoto mchanga. Tulifika pale Mombasa, Ukonga, watu wakasukumana, likalipuka jingine nyuma yetu, na mkono wangu ukawa mtupu. Nilikimbia. Hapo ndipo pangu: sikusimama, nilikimbia mpaka Banana ndiyo nikageuka. Alipatikana kesho yake mchana Uwanja wa Uhuru, mzima, amekaa na mama mmoja asiyemjua. Kwa hiyo tukamshukuru Mungu. Hakuna aliyeniuliza. Mama hakunigombeza hata siku moja, na laiti angenigombeza.

Bibi hakusema "haikuwa kosa lako". Alisogeza mchele kidogo. "Ndiyo maana hujambo kila siku," akasema.

Kitabu nilikimalizia wiki ile. Ambaye hajakisoma na anataka kukisoma aruke aya hii, maana natoboa. Yule mama wa simu za Jumatano hayupo. Alikufa kwenye moto uleule alioutia mwenyewe, Eleanor akiwa na miaka kumi, na mdogo wake wa kike akafia humo. Sauti yote ile ya simu ilikuwa ndani ya kichwa chake. Niliweka kitabu chini nikaenda bombani kuosha uso. Sikuona ajabu hata kidogo kwamba mtu anaweza kuongea na marehemu kila wiki kwa miaka karibu ishirini bila kujua kuwa anaongea peke yake. Mimi nilikuwa na sauti yangu mwenyewe ya miaka 12, inayosema neno moja: uliachia.

Lakini kilichonikaa zaidi si hilo fumbo. Ni yule Raymond, kijana wa kompyuta ofisini kwao. Hana chochote cha ajabu. Anavaa hovyo, anakula kwa kelele. Wanamwona mzee kaanguka barabarani, wanamsaidia pamoja, basi na mambo yanaanzia hapo. Eleanor anapoporomoka na kujifungia, huyo ndiye anayegonga mlango na kukataa kuondoka. Nilifurahi pia kwamba mwandishi hakumgeuza mume katika ukurasa wa mwisho. Hadithi zetu nyingi, za vitabuni na za shangazi, mwanamke mpweke dawa yake ni kuolewa. Mimi nimeambiwa hivyo mara nyingi kuliko nilivyoambiwa pole.

Ninapogombana na kitabu ni kwenye ushauri nasaha. Kule mambo yanakwenda: anapelekwa, anakaa kwenye kiti, anasema, anapona kurasa chache mbele. Kwangu kwanza kulikuwa na neno Mirembe. Mtu wa Tanzania ukisema unakwenda kumwona mtaalamu wa akili, picha inayokuja ni ile hospitali ya Dodoma, na utani wake tumeukuta tangu shule ya msingi. Ofisini niliomba ruhusa ya meno. Nimeng'oa meno mengi sana mwaka ule. Nilikwenda hospitali ya serikali, nikakaa kwenye benchi na kadi yangu, na mara ya kwanza nilipoitwa jina niliinuka nikatoka nje, nikanunua karanga, nikapanda gari nikarudi nyumbani. Mara ya pili bibi alinisindikiza. Alisema anakwenda kupima presha.

Dada aliyenihudumia alikuwa na sauti ya uchovu na daftari la shule. Alinieleza kitu ambacho nilikuwa nakijua mwilini bila kuwa na maneno yake: kwamba mtu akipata kiwewe, ile kengele ya hatari ndani yake hubaki imewaka, na haisomi kalenda. Ikisikia mlio inapiga, haijali kama ni bomu la 2011 au tairi la lori Tazara. Tukaanza kuusimulia usiku ule, mara ya kwanza dakika tano, nikatapika. Tukausimulia tena. Na tena. Mara ya sita au ya saba nikagundua nimeanza kukumbuka vitu vya pembeni: kwamba kulikuwa na mbuzi barabarani, kwamba mtu fulani alikuwa anauza maji hata usiku ule, tena kwa bei ya juu. Dar ni Dar. Akaniambia hiyo ni dalili nzuri, usiku unaanza kuwa hadithi yenye mwanzo na mwisho.

Nisiseme nimepona, sitaki kuanza tena biashara ya "nzuri". Mkesha wa mwaka mpya uliopita sikuingia uvunguni, nilikaa juu ya kitanda na bibi, mlango wazi, tunachambua mchele ambao haukuwa na mawe hata moja, nadhani alishauchambua mchana. Mikono ilinitetemeka. Kazini nakula na wenzangu siku mbili tatu kwa wiki, na bado sijui nicheke wakati gani. Yule wa simu alikuja mwenyewe akaniambia kaifuta ile video. Sikujua la kujibu, nikamwambia asante kwa kunijulisha, kama barua ya ofisi.

Lililobaki lilikuwa la mdogo wangu. Sasa ni kijana, anauza spea za pikipiki Kariakoo, ana kelele za mtu aliyezoea kuita wateja. Nilimpigia Jumapili moja, nimekwisha kuandika pembeni maneno ya kusema. Nikamuuliza kama anakumbuka usiku wa mabomu.

"Nakumbuka biskuti," akasema. "Yule mama kule uwanjani alinipa biskuti za maziwa pakiti nzima. Sikugawana na mtu."

"Na mkono?"

"Mkono gani?"

"Nilikuachia mkono, pale Mombasa."

Nikasikia anasogea pasipo na kelele. "Dada, hukuniachia. Nilichomoa mwenyewe. Kandambili ilinivuka, nikarudi kuifuata. Mpya ile, mama angeniua."

Sijui kama ni kweli. Alikuwa na miaka sita, na tumelelewa na mama mmoja, anajua kumfunika mtu shuka bila kumwamsha. Nimeyapindua maneno yake mara nyingi tangu siku ile. Wakati ule nilichopata kuuliza ni kimoja tu.

"Uliipata?"

"Nini?"

"Kandambili."

"Moja," akasema. Halafu, kabla sijajua nilie au nicheke: "Dada, huna elfu kumi hapo? Nakurudishia Ijumaa."

Nikamtumia. Hiyo Ijumaa imeshapita mara tatu.